Je, wajua? Kitenzi cha Kiingereza kilichotoka kwenye kitanzi

Kiingereza kina kitenzi "burke" ambacho hata Waingereza wengi hawajawahi kukitamka. Maana yake ya kwanza ni kumuua mtu kwa kumziba pumzi, mwili ubaki bila jeraha. Kimetokana na jina la muuaji.

William Burke alitoka Ireland kwenda Uskoti kuchimba mfereji, kisha akawa fundi viatu mjini Edinburgh. Mwishoni mwa 1827 mpangaji mzee alikufa kwa maradhi nyumbani kwa mwenzake, William Hare, akiwa na deni la kodi. Ili kufidia deni, wakamuuzia maiti Daktari Robert Knox, mwalimu wa anatomia, kwa pauni 7 na shilingi 10.

Soko lilikuwepo. Edinburgh ilijaa wanafunzi wa udaktari, na miili iliyoruhusiwa kupasuliwa, hasa ya wauaji walionyongwa, haikutosha. Wezi walikuwa wakifukua makaburi usiku, na wanunuzi hawakuuliza maswali.

Burke na Hare hawakungoja mpangaji mwingine augue. Mwaka 1828 waliua watu 16, wengi wao maskini ambao wauaji hao waliamini hakuna atakayewatafuta. Waliwalewesha, kisha mmoja akamlalia mtu kifuani na mwingine akamziba pua na mdomo.

Walipokamatwa, Hare alitoa ushahidi dhidi ya mwenzake akaachiwa huru. Knox hakushtakiwa. Burke alinyongwa Januari 28, 1829, na umati ukapiga kelele "Burke him!", yaani naye auawe kama alivyoua. Jina likawa kitenzi siku hiyohiyo. Mwili wake ukapasuliwa mbele ya wanafunzi, na mifupa yake ingali katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Sheria ya 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuwapa madaktari miili isiyo na wa kuidai, mingi ikitoka katika nyumba za mafukara. Hilo linauma: maskini ndio waliouawa, na maskini ndio waliolipa gharama ya suluhisho.

Baadaye kitenzi kilipata maana ya pili: kuzima jambo kimyakimya, ile tunayoiita kufunika kombe mwanaharamu apite. Hoja bungeni inaweza kuzimwa hivyo, na uchunguzi pia. Maana hii ingali hai India, ambako polisi anayekataa kuandikisha malalamiko ya raia, ili takwimu za uhalifu zionekane ndogo, husemwa kwa kitenzi hichohicho.