Uvimbe wa Taya: Dhana Potofu na Ukweli

Ameloblastoma ni uvimbe unaotokana na mabaki ya chembe za kuunda jino, na mara nyingi huota taya la chini, upande wa magego. Si saratani. Neno hilo "si saratani" ndilo linalowaponza wengi.

Dhana: Hauumi, basi hauna neno.
Kutouma ndiyo tabia yake. Hukua taratibu kwa miaka, ukila mfupa kimyakimya. Huenda dalili ya kwanza ikawa jino kulegea. Linang'olewa, pengo halifungi, uvimbe unaendelea. Jino linalolegea bila sababu inayoeleweka lipigwe picha kabla ya kuguswa na koleo.

Dhana: Eksirei inatosha kuutambua.
Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Ameloblastoma ya kawaida huonyesha vyumba vingi vyeusi mfano wa povu la sabuni, na hiyo haimsumbui sana daktari. Lakini iko aina ya chumba kimoja, hupatikana zaidi kwa vijana, ambayo hulizunguka gego la mwisho lisiloota. Kwenye picha huwezi kuitofautisha na kifuko cha majimaji cha kawaida.

Aina ya desmoplastiki, yaani yenye nyuzi nzito, iliyoelezwa mwaka 1984, inahadaa zaidi. Hupenda sehemu ya mbele ya taya, na picha yake ni mchanganyiko wa weupe na weusi usio na mpaka wazi, kiasi kwamba hudhaniwa ni ugonjwa wa mfupa wenyewe. Hata hadubini hupata taabu. Tumezoea kutafuta chembe ndefu zilizojipanga kama fito za ua, viini vyake vimekimbilia upande wa ndani. Katika aina hii nyuzi nzito huzibana chembe hizo hadi zinalala bapa, na mpango ule hauonekani isipokuwa pembeni, hapa na pale.

Dhana: Kupima kipande kimoja kidogo cha uvimbe kunamaliza kazi.
Kunaianzisha tu. Katika aina ya chumba kimoja, sehemu kubwa ya ukuta inaweza kufanana na kifuko kisicho na shida, na uvimbe ukawa umejificha kwenye kona moja. Nasisitiza: kilichotolewa chote kipelekwe maabara, maana uvimbe ulioingia ndani ya ukuta hautibiwi sawa na ulioishia juujuu.

Dhana: Kukata kipande huugeuza saratani.
Hapana.

Dhana: Ukikwanguliwa umekwisha.
Ule wa kawaida hupenya kwenye matundu ya mfupa kupita mpaka unaoonekana kwenye picha, ndiyo maana madaktari wa upasuaji huondoa pia sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Unaweza kurudi hata baada ya miaka 10, kwa hiyo kliniki ya ufuatiliaji isiachwe.

Dhana: Usio saratani hausafiri.
Kwa nadra sana, husafiri hadi mapafuni, na chini ya hadubini hauna tofauti na ule uliobaki tayani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuweka kundi la uvimbe usio saratani, licha ya safari yake hiyo. Hivyo aliyewahi kupasuliwa taya, hata zamani, amtajie daktari anayemchunguza doa kwenye pafu.