Mikono baada ya kuvunjika shingo: yanayosemwa na ukweli wake

"Uti wa mgongo umeumia, mikono haina tena la kufanyiwa."

Mikono inaweza kurudishiwa kazi kwa upasuaji wa kuhamisha kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, au neva. Upasuaji huu haugusi uti wa mgongo kabisa. Hutumia misuli iliyosalia. Aliyeumia usawa wa C6, yaani sehemu ya sita ya shingo, kwa kawaida anakunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono, ila hawezi kunyoosha kiwiko wala kufumba vidole. Kwa kuwa kiwiko hukunjwa na misuli zaidi ya mmoja, mmoja unaweza kupewa kazi nyingine. Kano ya brakioradialisi, msuli wa kigasha upande wa kidole gumba, hushonewa kwenye kano inayokunja kidole hicho, na mtu akaweza kubana kijiko, ufunguo au mpira wa mkojo. Sehemu ya nyuma ya msuli wa bega huunganishwa na traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ili kiwiko kinyooke. Erik Moberg, daktari wa upasuaji wa Sweden, aliandika kuhusu upasuaji wa kurudisha mshiko na kunyoosha kiwiko tangu 1975.

Sharti ni nguvu. Katika kipimo cha 0 hadi 5, msuli unaohamishwa uwe na 4 au zaidi, maana ukihamishwa hupungua takriban daraja moja.

"Tusubiri miaka miwili kwanza."

Hapa ndipo watu wanapopoteza zaidi. Kuhamisha kano hakuna mwisho: hata baada ya miaka 20 kunawezekana, mradi viungo havijakakamaa. Kuhamisha neva ni jambo jingine. Neva ya msuli unaofanya kazi huunganishwa na ya msuli uliopooza, kisha hukua kama milimita 1 kwa siku. Msuli uliokatikiwa kabisa na neva zake hunyauka wakati huo wote, kwa hiyo upasuaji hufaa zaidi ndani ya miezi 12 tangu ajali. Matokeo ya Melbourne, Australia, yaliyochapishwa 2019, yalihusu watu 16 na neva 59 zilizohamishwa. 4 kati yake hazikufanikiwa. Ombeni mikono ipimwe ndani ya miezi michache ya kwanza, hata kama uamuzi utakuja baadaye.

"Nyoosha vidole vilale bapa kila siku, visikakamae."

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, na unaharibu mkono. Kifundo kikiinuka, vidole hujikunja vyenyewe kwa kuvutwa na kano. Mshiko huo humwezesha mtu kushika kikombe bila upasuaji wowote, na baadhi ya upasuaji hujengwa juu yake. Ukinyoosha vidole huku kifundo kimeinuka, kano hurefuka na mshiko hupotea. Fanya hivi: kifundo kikiwa kimeinama, nyoosha vidole, kifundo kikiinuka, viache vijikunje. Wakati wa kuhamia kitandani, asiegemee kiganja kilichokunjuliwa; vidole vibaki vimekunjwa.

Kiwiko nacho kinyooshwe kikamilifu kila siku. Kikiganda kikiwa kimekunjwa, huo upasuaji wa traisepsi hauna maana tena.

"Akitoka hospitali atakuwa anajiweza zaidi."

Kwanza uwezo wake utapungua kuliko awali. Baada ya upasuaji wa kiwiko, mkono hufungwa gango ukiwa umenyooka, na kukunja huruhusiwa polepole, mara nyingi nyuzi 10 hadi 15 kwa wiki. Kwa takriban wiki 12 hasukumi kiti wala kujinyanyua kwa mikono, la sivyo kano hulegea au kukatika. Kama nyumbani hakuna wa kumgeuza na kumwogesha muda wote huo, ni afadhali kuahirisha. Kidonda cha mgandamizo au maambukizi ya mkojo pia yatibiwe kwanza.

"Upasuaji huu ni wa mashine za Ulaya."

Kuhamisha neva kunahitaji hadubini na fundi wake. Kuhamisha kano ni ujuzi uleule unaotumika kurekebisha mikono ya wenye ukoma na kifundo kilicholegea kwa neva kukatika. Muulizieni daktari wa mifupa au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile anayefanya kazi hiyo. Mpelekeeni tarehe ya ajali, usawa wa jeraha na nguvu ya kila msuli kama ilivyopimwa na mtaalamu wa tiba ya viungo. Daktari wa usingizi naye aambiwe mapema: kwa jeraha la usawa wa T6 (sehemu ya sita ya kifua) au juu yake, likiwemo la shingo, kibofu kikijaa tu, presha inaweza kupanda ghafla mno.