Balehe Isisubiri Msimu wa Unyago: Wajibu wa Mzazi na Mwalimu katika Mikoa ya Mtwara na Lindi

Mavuno ya chakula yanapokamilika na shule zinapofungwa mwezi Juni, vijiji vingi vya Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa na Nachingwea huingia katika msimu wa jando na unyago. Makungwi huitwa, wali, yaani watoto wanaochezwa, hukaa ndani wakifundwa, na siku ya kutolewa ndugu hukusanyika kutoka mbali. Mtoto huyohuyo ana mwalimu wa Sayansi anayemfundisha balehe kwa mchoro wa kitabuni, na katika familia nyingi za Kiislamu za pwani, kuanzia Kilwa hadi Mikindani, ana pia ustadhi wa madrasa anayemweleza hukumu za hedhi, janaba na josho. Kwa hiyo haitakuwa haki kusema kwamba mtoto wa kusini hafundishwi. Tatizo ni kwamba kila mmoja wa hawa hufundisha bila kujua mwenzake amesema nini, huku mzazi, anayeishi na mtoto mwaka mzima, mara nyingi akinyamaza kwa kuamini kwamba kazi hiyo ina wenyewe.

Mwili wa mtoto haufuati kalenda ya sherehe wala ya mitihani. Balehe huanza pale ubongo unapoiamsha tezi ya pituitari, ambayo nayo hutoa homoni zinazochochea ovari za msichana kutengeneza estrojeni na korodani za mvulana kutengeneza testosteroni. Kwa wasichana walio wengi mabadiliko huanza kati ya umri wa miaka 8 na 13, na kwa wavulana kati ya miaka 9 na 14, hivyo watoto wawili wanaokaa dawati moja wanaweza kupishana kwa miaka kadhaa na wote wakawa wazima kabisa. Dalili ya kwanza kwa msichana huwa ni matiti kuanza kuchomoza, na hedhi ya kwanza hufuata baada ya takribani miaka 2 hadi miaka 2 na nusu. Tunawaomba wazazi waupe uzito muda huo. Mama aliyeona kifua cha binti yake kikibadilika amekwisha kupewa taarifa na mwili wenyewe, na ana nafasi ya kutosha ya kumweleza damu hiyo ni nini, kwa nini si jeraha wala ugonjwa, taulo ya kike au kitambaa safi huvaliwa vipi na kubadilishwa baada ya saa ngapi (kwa kawaida kila baada ya saa 4 hadi 6), na kwamba katika miaka ya mwanzo siku zinaweza kuruka bila mpangilio. Msichana anayeona damu kabla hajaambiwa lolote hupatwa na hofu ambayo maneno machache tu yangeizuia.

Upande wa unyago, jambo linalotutia wasiwasi zaidi ni umri. Familia nyingi huwacheza unyago mabinti wawili au watatu kwa pamoja, mkubwa na wadogo zake, kwa sababu gharama za chakula, nguo na ngoma ni kubwa na uwezo hupatikana mara moja. Sababu hiyo tunaielewa. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba mtoto wa miaka 7 au 8 husikia mafundisho ya chumbani yaliyokusudiwa mwanamke anayekaribia kuolewa. Mila zenyewe zilijua ngazi: miongoni mwa Wayao, kwa mfano, kulikuwa na mafundisho ya utotoni, mengine ya baada ya kuvunja ungo, na mengine, yaitwayo litiwo, ya mimba ya kwanza. Kumpa mtoto mafundisho yote kwa wiki moja si kuitunza mila hiyo.

Hatari huongezeka pale mwali anapotoka akiambiwa kwamba sasa amekua, naye akayaamini maneno hayo, na wanaume wakayaamini pia. Kuvunja ungo maana yake ni kwamba mimba inawezekana, na kwa kuwa yai linaweza kupevuka hata kabla ya hedhi ya kwanza, wakati mwingine inawezekana mapema zaidi ya watu wanavyodhani. Mifupa ya nyonga wakati huo bado inakua. Mimba za umri mdogo huambatana zaidi na kifafa cha mimba, na uchungu pingamizi (mtoto anaposhindwa kupita wakati wa kuzaliwa) usiopata huduma mapema unaweza kuleta fistula, yaani tundu linalofanya mkojo au kinyesi kuvuja bila kuzuilika. Sheria nayo iko wazi: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba, na tangu Novemba 2021 msichana aliyekatisha masomo kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni.

Kwa wavulana pengo ni la namna nyingine. Wengi sasa hutahiriwa hospitalini au zahanati, jambo jema kwa usalama wao, lakini mafundisho yaliyoambatana na jando yamebaki nyuma bila mtu wa kuyabeba. Wengine hutahiriwa wakiwa wadogo mno, hivyo sauti inapobadilika na ndoto nyevu zinapoanza, wakiwa na miaka 13 au 14, hakuna anayewakumbuka. Jamii za Wamakonde, Wamwera na Wayao zina hazina ya mjomba, ambaye kwa desturi ana sauti katika malezi ya mpwa wake. Zina pia bibi, ambaye utani wake na wajukuu humruhusu kusema yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Mzazi anayeshindwa na aibu awaombe hawa, lakini akubaliane nao mapema kitakachosemwa.

Makubaliano kama hayo yafanyike na kungwi pia. Mzazi ana haki ya kumuuliza, kabla hajamkabidhi mtoto, atafundisha nini na kwa umri upi, na mganga mfawidhi wa zahanati anaweza kualikwa kuzungumza na makungwi msimu haujaanza. Si jambo geni: huko Masasi, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa la Anglikana alikaa na wazee wakaandaa jando lenye mafundisho ya Kikristo. Shule kwa upande wake isiishie kwenye mchoro. Mwalimu wa malezi aonane na wasichana na wavulana kwa nyakati tofauti, na choo cha wasichana kiwe na maji na mlango unaofungika.

Mtoto apelekwe kituo cha afya ikiwa msichana ameota matiti kabla ya miaka 8, au hana dalili yoyote afikapo 13, au hajapata hedhi afikapo 15, au anatoka damu zaidi ya siku 7. Mvulana apelekwe ikiwa hana dalili afikapo miaka 14. Pakiwa na shaka ya kuchezewa kingono au kulazimishwa kuolewa, piga simu namba 116, au nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi kilicho karibu.