Je, wajua kwa nini kesi ya jinai humsubiri mshtakiwa?

Shahidi anaeleza kwamba alimtambua mwizi kwa mwanga wa taa ya langoni. Wakili wa utetezi anaandika tu. Kwake maelezo hayo hayana kasoro. Mshtakiwa, ambaye ni jirani wa nyumba hiyo, anamwinamia na kumnong'oneza: "Ile taa ilishaungua kabla ya wizi. Muulize nani aliibadilisha." Swali linaulizwa, na shahidi anaanza kubabaika.

Mfano huo nimeutunga, lakini ndiyo sababu kubwa. Wakili anaijua sheria. Hajui langoni kwa jirani kulikuwa na taa au giza. Mshtakiwa asipokuwepo, uongo au makosa ya shahidi yanaweza kupita hivihivi, kwa kuwa pale ndani hakuna mwingine wa kuyagundua.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 14, unampa kila mshtakiwa haki ya kesi yake kusikilizwa akiwepo. Na kuwepo si kukaa kizimbani tu. Asiyeelewa lugha ya mahakama hupewa mkalimani, la sivyo ni kama hayupo.

Kuna kesi inayoonyesha hatari ya kuhukumu kiti kitupu. Huko Nuremberg, Ujerumani, viongozi wa utawala wa Hitler waliposhtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili, Martin Bormann, katibu wa Hitler, alishtakiwa bila kuonekana, na wakili wake hakuwa na mteja wa kumuuliza chochote. Oktoba 1946 akahukumiwa kifo. Mwaka 1972 mifupa ikafukuliwa Berlin, na mwaka 1998 vipimo vya DNA vikathibitisha kuwa ni yake. Alikufa Mei 1945, miezi kadhaa kabla kesi haijafunguliwa!

Si kila nchi inakataa kesi za namna hiyo. Ufaransa huziruhusu, ila mtoro wa kosa kubwa akikamatwa kabla adhabu haijapitwa na muda, kwa kawaida kesi husikilizwa upya.

Haki hii mtu anaweza pia kuipoteza mwenyewe. Nchini Marekani mshtakiwa mmoja wa unyang'anyi alimwambia jaji kwamba ikifika saa ya chakula cha mchana jaji huyo atakuwa maiti, kisha akachana jalada la wakili wake na kutupa karatasi sakafuni. Akatolewa nje. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ilisema jaji hakukosea: mtu akishaonywa na bado akafanya fujo, kesi iendelee bila yeye, na arudishwe pindi atakapokubali kutulia. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, anayetolewa kwa fujo hufuatilia kesi kwa vyombo vya mawasiliano akiwa nje ya ukumbi, na humwelekeza wakili wake kutoka huko.

Wengine hujitoa kimyakimya. Mshtakiwa mwingine wa Marekani alitoka mapumziko ya mchana, hakurudi. Kesi ikamalizwa bila yeye, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ikakubali, ikisema hakuna haja ya kumwonya mtu mzima kwamba akitoroka kesi haitasimama. Lakini angetoroka kabla kesi haijaanza kusikilizwa? Mwaka 1993 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba, kwa kanuni za mahakama za shirikisho, huyo lazima asubiriwe.