Fukusi wa magugu maji hawatahamia kwenye mahindi yako

Kila magugu maji yanapotajwa Ziwa Victoria, kuna anayeonya: "Wale wadudu walioletwa wakimaliza magugu, watageukia mazao yetu." Hofu hii naielewa, lakini haina msingi.

Katika miaka ya 1990, Uganda, Tanzania na Kenya ziliachilia ziwani aina mbili za fukusi wa jenasi ya Neochetina, asili yao Amerika Kusini, ambako ndiko magugu maji yalikotoka. Fukusi mzima hukwangua jani na kuacha makovu madogo ya mraba. Kiluwiluwi hutoboa shina la jani, akishuka hadi kwenye kitovu cha mmea. Kisha hujifunga kwenye kifukofuko alichokisuka kwa vinyweleo vya mizizi, chini ya maji. Mmea wa mahindi utampa wapi mizizi inayoelea? Bila magugu maji hawezi kukamilisha uzazi wake, kwa hiyo magugu yakipungua, naye hupungua. Kabla ya kuachiliwa, fukusi hawa walijaribiwa kwenye mimea mingine mingi.

Mfano wa kutisha unaotajwa sana ni wa chura wa miwa aliyepelekwa Australia mwaka 1935 ili ale wadudu wa miwa. Yule hula karibu chochote kinachoingia mdomoni, ndiyo maana akawa balaa.

Fukusi hawafagii ziwa lote, ni kweli. Magugu hurudi, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kenya, kwa sababu maji taka na mbolea zinazotiririka kutoka nchi kavu huyalisha. Hilo ndilo la kulalamikia.