Mpangaji Analala Vizuri Tu: Dhana Potofu Kuhusu Utetezi wa Imani

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha simu yake, anatabasamu. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp alikuwa amemwandikia mjomba wake, mhasibu mstaafu asiyekanyaga kanisani miaka mingi: "Mjomba, bila Mungu huwezi kujua lolote. Hata hesabu zako ni bure." Mjomba akajibu kwa mstari mmoja: "Ada yako ya muhula huu nimeilipa kwa hesabu hizohizo."

Nilicheka, kisha nikaudhika. Sentensi ile nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wainjilisti wa mihadhara, hata kwa mchungaji mmoja kwenye semina. Kila anayesoma kurasa tatu za apolojetiki ya dhana tangulizi, yaani utetezi wa imani ya Kikristo tunaoufundisha, unaouliza ni msingi gani mtu anautanguliza kabla hata ya kuanza kufikiri, huibuka nayo.

Dhana: Tunafundisha kwamba asiyeamini hajui kitu wala hana maadili.

Hatufundishi hivyo. Wala Cornelius Van Til, baba wa utetezi huu, hakufundisha hivyo, yule Mholanzi aliyehamia Marekani na wazazi wake mwaka 1905, akaja kufundisha seminari ya Westminster, Philadelphia, kuanzia 1929 hadi 1972. Van Til aliandika sana juu ya neema ya jumla, ile ya mvua kuwanyeshea wenye haki na wasio haki, na alikiri waziwazi kwamba wasioamini wanajua mengi. Paulo anakwenda mbali zaidi: Warumi 1 inasema wanamjua hata Mungu, ila "waipinga kweli kwa uovu". Na Warumi 2 inasema kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Sasa wewe uliyemwambia mjomba hajui lolote, umesoma Biblia ipi?

Hoja yenyewe ni hii. Chukua mpangaji anayeapa kwamba nyumba anayokaa haina mwenyewe. Analala vizuri tu. Anapika, anaoga, pengine anafagia uwanja kuliko mpangaji mwenzake anayemsalimia mwenye nyumba kila Jumapili. Ukimwambia "wewe humu hulali", atakucheka, na ana haki ya kukucheka. Swali letu si kama analala. Tunauliza nyumba ilifikaje hapo, na kwa nini taa inawaka kila akibonyeza swichi.

Mjomba mhasibu anaamini kwamba saba na tano ni kumi na mbili, leo na kesho, hapa na Tokyo. Anaamini kughushi vitabu ni vibaya hata kama mkaguzi hataona. Yote mawili ni kweli, na anayajua. Muulize basi, tena kwa adabu: ikiwa ulimwengu ni maada na bahati tu, kanuni isiyoshikika, isiyochakaa, isiyo na mipaka, imetoka wapi? Na kughushi kunakuwaje uovu, badala ya kuwa jambo ambalo wengi wetu hatulipendi? Hata imani kwamba kesho itafanana na jana, ambayo bila hiyo hakuna sayansi, mwanafalsafa David Hume alishaonyesha katika karne ya 18 kwamba huwezi kuithibitisha kwa uzoefu bila kuitanguliza kwanza. Hume hakuwa mtu wetu. Alikuwa mkweli tu kuhusu shimo alilolikuta.

Greg Bahnsen, mfuasi wa Van Til, alipokutana kwenye mdahalo na Gordon Stein, mtu asiyeamini Mungu, katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, Februari 1985, hakumwambia kwamba hajui kufikiri. Alimuuliza kanuni za mantiki ni kitu cha namna gani. Stein alikubali zipo, kisha akasema ni makubaliano ya watu. Hapo ndipo alipobanwa, maana watu wakikubaliana vingine, mdahalo wenyewe unaamuliwa na nini? Huo ndio utetezi wa dhana tangulizi ukiwa kazini. Angalia jinsi ulivyojengwa kwa maswali.

Dhambi haimfanyi mtu mjinga. Van Til alitumia mfano wa msumeno wa mashine: meno makali, unang'aa, ila umetegwa kwa pembe isiyo sahihi. Unakata kila ubao, na kila ubao unatoka umepinda. Fundi yeyote wa mbao anaelewa kwamba kuunoa zaidi hakusaidii.

Dhana: "Biblia ni kweli kwa sababu Biblia imesema", basi, mchezo umekwisha.

Ukijibu hivyo mtaani umejiaibisha mwenyewe. Tunachosema ni kwamba kila mtu ana mzani wa mwisho, na mzani wa mwisho haupimwi kwa mzani mwingine. Anayeamini akili tu, aithibitishe akili bila kuitumia. Hapo wote tumo kwenye duara, kila mmoja anauthibitisha msingi wake kwa msingi huohuo. Kinachobaki ni kuuliza ni duara lipi linaloweza kubeba hesabu, maadili na sayansi bila kuvunjika. Nakiri kuna Wakristo makini, mwanatheolojia R.C. Sproul mmojawapo, walioona jibu hili halitoshi. Huo ni ugomvi wa nyumbani, na si wa leo.

Dhana: Tunakataa ushahidi.

Van Til alifundisha somo la ushahidi. Kaburi tupu ni ushahidi. Ila hakuna anayeuangalia kwa macho yasiyo na imani yoyote nyuma yake. Tuendelee.

Dhana: Ni silaha ya kumnyamazisha Mwislamu.

Jirani Mwislamu naye atakwambia msingi wake ni ufunuo wa Mungu mmoja aliyeumba vyote, na maswali uliyompiga nayo mjomba hayamgusi. Hapo hakuna njia ya mkato. Itabidi ukae naye, ujue anaamini nini hasa juu ya Mungu, neno lake na msamaha, nawe ueleze Utatu bila kubabaika. Wengi wanaopenda kipaza sauti hawana muda huo. 1 Petro 3:15 wanaikariri wote mpaka "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu", halafu wanaishia hapo, kabla ya "kwa upole na kwa hofu".

Na Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Nimeipiga marufuku darasani. Zaburi hiyohiyo inaendelea kusema hakuna atendaye mema, na Paulo anapoichukua katika Warumi 3 anawafunga nayo Wayahudi na Wayunani pamoja, kwa hiyo anayemrushia mjomba jiwe hilo linamrudia kichwani. Marufuku ni mpaka mwisho wa muhula. Atakayeitaja anafuta ubao wiki nzima, na mpwa wa mhasibu ndiye ameanza.