Uniti ya insulini si mstari wa seringe

Wenye paka wa ugonjwa wa sukari hapa Lubumbashi si wengi, lakini wakikutana lugha yao ni moja: "Wangu ninamupa mistari miwili asubuhi, miwili magaribi." Mwenzake anaitikia kwa kichwa, na kesho yake paka wa pili naye anapata mistari miwili. Hakuna anayeuliza ni mistari ya seringe gani, wala insulini imetoka chupa gani.

Uniti ni kipimo cha kazi. Inaeleza insulini hiyo ina uwezo gani wa kushusha sukari ya damu. Haielezi wingi wa maji yaliyo ndani ya seringe. (Wala si zile uniti za simu, ingawa hizo nazo zikiisha usiku ni taabu.) Maana yenyewe imekwisha hapo. Tatizo ni kwamba namba za uniti zimechapwa kwenye chombo kinachopima maji, na jicho huamini linachokiona.

Kwa nini hawakutumia miligramu kama kwa dawa nyingine? Kwa sababu mwanzoni hakuna aliyejua ndani ya chupa mna insulini kiasi gani. Banting na Best, watafiti waliogundua insulini katika maabara ya Macleod kwenye Chuo Kikuu cha Toronto, walianza mwaka 1921 kuichuja kutoka kongosho za mbwa, baadaye wakahamia kwenye za ng'ombe. Collip aliungana nao kuisafisha dawa, na Januari 1922 Leonard Thompson, mgonjwa wa sukari wa miaka 14, akaanza kuchomwa. Lakini kila mchujo ulitoka na nguvu yake: wa leo mkali, wa kesho dhaifu, na mizani haikuweza kutenganisha insulini na uchafu uliobaki ndani yake. Ndipo wakamgeukia sungura. Uniti ya kwanza ilikuwa kiasi kinachomshusha sukari sungura wa kilo 2, aliyekaa saa 24 bila kula, hadi miligramu 45 kwa desilita, pale anapoanza kushikwa na degedege. Kwa mgonjwa kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno, ikachukuliwa theluthi yake. Mwaka 1925 ukawekwa unga wa kimataifa wa kulinganishia, miligramu 1 ikihesabiwa uniti 8. Insulini ya siku hizi ni safi kiasi kwamba uniti 1 ina uzito wa miligramu 0.0347 tu, lakini desturi ya kuhesabu kazi badala ya uzito haikuachwa.

Nimemkalia sungura huyo kwa sababu degedege lake si hadithi ya zamani. Paka aliyezidishiwa insulini anapitia njia ileile: analegea, anayumba kama mlevi, anatazama ukutani asikuone, halafu anashikwa. Ukifika hapo, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, usimmiminie kooni, na mbio kwa veterinere.

Sasa tuje kwenye maji. Kazi ileile inaweza kuyeyushwa katika maji mengi au machache. Glasi ya bia ya Simba na glasi ya lutuku, ile pombe kali, zina ujazo mmoja, na hakuna mtu wa Kamalondo atakayesema amekunywa "glasi mbili" asiulizwe za nini. Insulini za wanyama kama Caninsulin na ProZinc zina uniti 40 katika kila mililita. Za watu, zinazouzwa farmasini, kwa kawaida zina 100, na humo imo glargini, insulini ya kazi ya polepole, ambayo madokta wengi huiandikia paka pia. Ipo hata glargini ya 300. Kwa hiyo uniti 1 ya chupa ya 40 inajaza mililita 0.025, na uniti 1 ya chupa ya 100 inajaza mililita 0.01. Maji yanatofautiana mara mbili na nusu. Kazi ni moja.

Seringe ya insulini imechorwa kwa ajili ya nguvu moja tu. Ya 40 huwa na kifuniko chekundu, ya 100 cha rangi ya chungwa, ila soma maandishi ubavuni, usiiachie rangi kazi yote. Ukivuta insulini ya 100 kwa seringe ya 40 mpaka kwenye namba 1, umevuta uniti 2.5. Paka aliyeandikiwa 2 anapata 5, na mwili wake wote ni kilo nne. Ukikosea kwa upande wa pili, insulini ya 40 kwa seringe ya 100, namba 1 inakuwa uniti 0.4. Huyo hatashikwa na degedege, lakini ataendelea kunywa maji na kukojoa na kukonda, na wewe utaapa kwamba dawa iliharibikia ndani ya frigo umeme ulipokatika.

Halafu kuna mistari yenyewe, na hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Hata seringe za 100 peke yake hazifanani. Ile ya mililita 1, kila mstari mdogo ni uniti 2. Ya mililita 0.5, mstari ni uniti 1. Ya mililita 0.3, mstari ni uniti 1 au nusu, inategemea uliyoipata. Maana yake "mistari miwili" inaweza kuwa uniti 1, uniti 2 au uniti 4, na bado hatujaigusa chupa. Paka wengi huanzishiwa uniti 1 kila saa 12, wengine chini ya hapo. Sasa piga hesabu, uone yule aliyeiga mistari ya jirani amempeleka paka wake wapi.

Hapa mjini kuchanganya ni rahisi kwa sababu dawa na seringe hazitoki mahali pamoja. Insulini ya wanyama mara nyingi inaingia kupitia Kasumbalesa ndani ya mfuko wa ndugu aliyetoka Afrika Kusini. Seringe inanunuliwa farmasi ya karibu, kwenye komini ya Katuba au ya Kenya, na pale zimezoea wagonjwa watu.

"Mama, hii seringe ni ya ngapi?"

"Ni ya insulini, papa."

Ni kweli, ni ya insulini. Ni karibu hakika kwamba ni ya 100 pia.

Wapo wanaojua hesabu na kuzidisha mara 2.5: uniti 2 za chupa ya 40 zinavutwa mpaka namba 5 kwenye seringe ya 100. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini inakaa kichwani mwa mtu mmoja, na siku akienda matanga Likasi, mtoto aliyeachiwa paka atasoma karatasi iliyoandikwa 2 na kuvuta 2. Kama dokta hakukuelekeza yeye mwenyewe, tafuta seringe inayolingana na chupa. Na wanaotaka kuongeza maji ndani ya insulini ya 100 ili "ishuke" iwe ya 40, waiache glargini kabisa. Ndani ya chupa glargini ina asidi, na ikifika chini ya ngozi huganda chembe ndogondogo zinazoyeyuka polepole. Ukiivuruga kwa maji umevuruga ule upole wake.

Maradhi hayohayo ya namba isiyo na mwenyewe yako kwenye kipimo cha sukari ya damu. "Yangu leo ilikuwa 15." Kumi na tano ya nini? Mashine za kupimia kutoka Afrika Kusini husoma milimoli kwa lita: 15 hapo ni miligramu 270 kwa desilita, juu, karibu na kiwango ambacho figo za paka huanza kuiachia sukari ipite kwenye mkojo. Karatasi ya laboratwari inaweza kuandika 2.7, nayo ni gramu kwa lita, sukari ileile. Milimoli unazizidisha kwa 18, gramu kwa lita unazizidisha kwa 100, unapata miligramu kwa desilita. Ujue pia kwamba mashine ya watu huelekea kusoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo.

Kuhusu kupandisha uniti kila asubuhi kwa sababu sukari imekutwa juu, nitasema machache. Paka aliyeogopa sanduku, gari na mbwa wa mwenzake anaweza kuonyesha miligramu 300 kwa desilita bila hata kuwa na ugonjwa wa sukari. Kipimo kimoja hakimwambii dokta kitu. Anachotaka ni kuona sukari kila saa mbili kwa siku moja, nyumbani ikiwezekana, ajue inafika chini wapi kabla ya kupanda tena. Ikishuka chini ya 60, uniti zinapunguzwa hata kama asubuhi ilikuwa 350. Wengine kwa chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo wanafika mahali insulini inaachwa kabisa, na huyo ukiendelea kumpa kwa mazoea utamuua. Kitivo cha udaktari wa mifugo cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kiko hapahapa mjini, nenda ukaulize kabla ya kugusa dozi.

Basi ukiulizwa paka wako anapata kiasi gani, jibu hivi: "Uniti 1, chupa ya 40, seringe ya 40, kila saa 12, akiisha kula." Ni refu kidogo, ninajua. Na yule anayekuambia mistari miwili usimgombeze, mwombe tu akuonyeshe chupa na seringe yake.